Mlima Uliohamia kwa Dobi

Jumatatu ya pili ya Septemba, saa moja na robo asubuhi, Bi Roswitha Egli alivuta pazia la chumba namba kumi na nne katika Hoteli Lauwiblick, akakuta mlima haupo.

Anga ilikuwepo. Roshani ilikuwepo, na maua mekundu kwenye masanduku yake, na kiti cha kukunja alichokikalia kila Septemba kwa miaka ishirini na tano. Lakini pale ambapo jana yake jioni palisimama Lauwihorn, mlima wa mita elfu nne kasoro kidogo, pamebaki bonde la nyasi zilizolala, kama godoro ambalo mtu mnene ameamka sasa hivi. Ng'ombe watatu walikuwa wameshaingia kulisha.

"Alois," alisema, "mlima haupo."

Mumewe alikuwa amepiga magoti akitafuta soksi chini ya kitanda. Mzee Alois alikuwa mstaafu wa reli. Kwa miaka thelathini na nane kazi yake ilikuwa kupanga ratiba za treni kule Olten, na hakuwa mtu wa kushtuka eti kitu hakiko mahali pake kwa wakati wake.

"Umeangalia vizuri?"

"Mita elfu nne, Alois. Si hereni."

"Basi mlima umechelewa tu. Vaa sweta tukanywe kahawa."

Meza yao ilikuwa ile ya dirishani, ya tatu kutoka mlangoni, na hakuna aliyethubutu kuikalia. Katika hoteli hii mgeni wa kukaa wiki hapewi leso mpya ya mezani kila mlo. Hupewa moja ya kitambaa, pamoja na mfuko wake mdogo. Akimaliza kula huikunja, huirudisha mfukoni, na mfuko hubaki mezani kama mbwa anayelinda kiti cha bwana wake. Wageni wapya mifuko yao ilibandikwa karatasi tu. Mfuko wa Roswitha ulitariziwa R. EGLI kwa uzi wa buluu, na akipita katikati ya wale wa karatasi alitembea kama bibi harusi.

Bwana Ambros Kalbermatter, mwenye hoteli, kama babake na babu yake kabla yake, alisimama karibu na kikapu cha mikate akagonga glasi kwa kijiko.

"Mabibi na mabwana, habari za asubuhi. Mlima umehamia upande wa nyuma. Ofisi ya kijiji imeshaarifiwa. Mayai ya kuchemsha yapo pale, yamevishwa kofia za sufu yasipoe."

Bwana mmoja wa Zurich aliuliza kama maziwa ya moto yapo. Yalikuwepo.

"Nyuma wapi?" aliuliza Roswitha.

"Upande wa chumba cha kufulia, Bi Egli."

"Kwa nani huko?"

"Huko hakuna mtu, Bi Egli. Ni kwa Idalina tu."

Roswitha alivunja yai lake kwa kijiko, pigo moja, likaruka kofia na kila kitu.

Hapa inafaa kujua kilichokuwa kikimtafuna. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini wahenga hao hawakuwahi kumiliki hoteli. Katika kijiji hiki cha Oberlauwi mgeni wa mwaka wa kumi hupewa jibini zima, wa mwaka wa ishirini hupewa kengele ya ng'ombe yenye mkanda wa ngozi, na wa mwaka wa ishirini na tano hupigwa picha mbele ya mlima, na picha hiyo hutundikwa ukumbini, karibu na ngazi, milele. Jibini Roswitha alishalila. Kengele ilikuwa juu ya kabati lake Olten. Zimebaki siku kumi na moja afike kwenye picha. Kwa miaka tisa alikuwa akipita ukumbini akimtazama mama mmoja wa Basel, marehemu sasa, aliyetabasamu mbele ya Lauwihorn kama aliyeuzaa, na kila alipopita alisema kimoyomoyo, subiri tu.

Sasa mlima uko kwa dobi.

*

Baada ya kahawa alikwenda nyuma. Katika miaka ishirini na tano hakuwahi kufika huko, ikambidi aulize njia. Alipita mapipa ya taka, makreti ya chupa tupu, na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Chumba cha kufulia kilikuwa nusu ardhini, kimechimbwa kwenye mteremko. Kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo siku zote lilitazama ukuta wa zege uliozuia udongo. Ukuta sasa ulikuwa umesogea kando kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenziwe kwenye korido.

Na mlima ulikuwa pale. Ulisimama karibu na dirisha kama ng'ombe aliyeegemea uzio akingoja chumvi, theluji mabegani na kiwingu kidogo kichwani. Kamba ya kuanikia ilitoka kwenye msumari wa dirisha, ikaenda kufungwa kwenye jiwe la bega la mlima, na juu yake mashuka kumi na mawili yalipepea.

Idalina alikuwa Mreno wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, viwiko vyake vyekundu kwa mvuke, na vibanio viwili vya nguo mdomoni. Jina la ukoo pale hotelini hakuwa nalo. Kama alikuwa nalo, lilibaki kwenye karatasi za serikali.

"Habari za asubuhi, Bi Egli," alisema, akitoa vibanio. "Leso ina doa?"

"Haina doa. Huu mlima umekuja saa ngapi?"

"Alfajiri. Nimefungua dirisha mvuke utoke, nikaukuta umesimama. Nikausalimia."

"Nao ukasemaje?"

"Mlima useme nini, bibi?" Idalina alicheka. "Ulisogea kidogo tu nipate mwanga."

"Wewe ndiye uliyeuita."

"Mimi? Mimi hata sura yake nilikuwa siijui. Nalala humu humu, nikipata kutoka nje ni usiku. Nilikuwa nafua tu mashuka ya watu waliouona."

"Ungeweza kufunga dirisha."

Idalina alimtazama kama aliyeambiwa atupe mkate.

"Tangu nije hapa, Bi Egli, hajapata kuja mtu kunitembelea. Mgeni wangu wa kwanza, nimfungie dirisha?"

"Tangu uje lini?"

"Hii ni Septemba ya ishirini na sita."

Roswitha alihisi kitu kikimbana chini ya titi la kushoto. Ishirini na sita. Amezidiwa mwaka mzima, na mtu ambaye hata halipi.

"Hongera," alisema, na neno lilimtoka kama mwiba wa samaki.

*

Kijiji kilizoea kabla ya Jumatano. Basi la posta lilibadilisha kituo. Padri alihamisha saa ya misa ya asubuhi kwa robo saa, kwa kuwa kivuli sasa kilifika mapema. Mtu wa njia za miguu alikuja na ngazi na bisibisi, akatoa kile kibao cha manjano kilichoandikwa "Kileleni: mwendo wa saa 5 na dakika 20", akaweka kingine: "Kileleni: dakika 4, kupitia chumba cha kufulia". Vijana wa uokoaji walilalamika kidogo kwamba sasa watu watapanda bila viatu vya maana, lakini walilalamikia hilo hata zamani.

Siku hiyo hiyo ya Jumatano, Mzee Alois alirudi saa nne asubuhi akiwa na theluji kwenye kofia.

"Unatoka wapi?"

"Kileleni. Nimekwenda na kandambili." Alikung'uta kofia mlangoni. "Na Idalina kanipa kahawa, tena kahawa ya kwao, inasimamisha kijiko. Kumbe anajua kucheka yule!"

"Alikuwa anacheka nini?"

"Nimemsimulia ile ya treni ya Aarau."

"Ile ya treni ya Aarau haichekeshi."

"Kwako. Nimeisimulia miaka arobaini kwako, ni kama kuisimulia benchi. Leo nimempata mtu kaiacha pasi akakaa chini."

"Kwa hiyo umekwenda kumchekesha dobi."

"Nimekwenda kuuona mlima, mama. Huyo dobi nimemkuta njiani." Akakaa kitandani, akaanza kutoa soksi mbichi. "Wanasema milima haikutani, binadamu ndio hukutana. Nadhani huu ulichoka kungoja binadamu."

Roswitha alitoka nje, roshani. Alikaa kwenye kiti chake cha kukunja. Alikuwa amevaa broshi ya mamake na amechana nywele kwa mtindo wa mwaka ule wa kwanza, walipokuja na gari jekundu na yeye alikuwa na kiuno. Alilitazama bonde.

"Habari za asubuhi," aliliambia.

Ng'ombe mmoja aliinua kichwa, akaona si lake, akaendelea kula.

"Nilikuja mwaka ule mvua ilipopiga siku kumi na nne," Roswitha aliendelea kwa sauti ya chini, kama anayesoma barua ya kuomba kazi. "Nilikuja mwaka niliovunjika nyonga. Daktari alikataa, nikaja. Niliwahi kuletewa mialiko ya baharini, nikaja huku. Yuko wapi mwingine aliyefanya hivyo?"

Nyasi zilibaki zimelala. Upande wa nyuma wa jengo, mbali, alisikia Idalina akicheka tena, na baada ya kicheko mngurumo mdogo wa barafu ikijigeuza, mngurumo wa starehe kabisa.

Mwenye wivu hanenepi, lakini Roswitha usiku huo alikula sahani mbili za jibini la kuyeyusha na viazi, bila kusikia ladha ya hata kimoja.

*

Jumapili ya tatu ya Septemba ni Jumapili ya Toba. Siku hiyo nchi nzima hula keki ya plamu na kunyamaza. Muziki haupigwi, nyasi hazikatwi, na nguo hazianikwi. Hilo la nguo Roswitha alilishika kuliko amri zote kumi. Kule Olten, jengo lao la familia nane lina chumba kimoja cha kufulia na ufunguo mmoja. Zamu yake ni Alhamisi moja kila wiki mbili. Jirani aliyewahi kusahau soksi moja kwenye kamba siku ya Jumapili hakusalimiwa mpaka alipohama.

Basi akitoka kanisani, akizungukia nyuma kwa njia ambayo haikuwa ya kurudia, aliona mashuka. Hayakuwa kumi na mawili leo. Yalikuwa themanini, yametandazwa kuanzia dirishani hadi karibu na kilele, meupe juu ya theluji nyeupe. Mlima ulikuwa umetulia tuli, hata upepo ulikuwa ukiuachia kidogo kidogo, yasije yakaanguka. Katikati ya mashuka alikaa Idalina kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula kipande cha keki ya plamu.

Roswitha alikuwa na sababu sasa, na mwenye wivu akipata sababu ni kama mwenye njaa kupata sahani. Alipanda chumbani, akachukua kadi ile iliyoandikwa "Maoni yako ni furaha yetu", akaandika kwa herufi za shule:

"Nguo zimeanikwa Jumapili ya Toba, mahali pa wazi. Kuhusu mlima sina la kusema."

Bwana Ambros aliisoma kadi akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Kisha akashuka chumba cha kufulia. Mara ya mwisho alikuwa na miaka kumi na tisa, babake alipomwonyesha pa kufungia maji.

"Idalina," alisema, "leo ni Jumapili ya Toba."

"Ndiyo, bwana. Na kesho kuna wageni arobaini. Umeagiza mwenyewe mashuka yawe tayari."

"Yawe tayari, ndiyo. Lakini yasionekane."

"Niyafiche wapi? Yameshakauka tayari, bwana, tazama. Mlima una jua la pande zote."

Bwana Ambros alitazama. Alisogea hadi dirishani, akaweka mikono yake miwili kwenye kizingiti chenye unyevu, akatazama muda mrefu. Mlima ulimtazama nusu na nusu ukatazama kwingine, kama ng'ombe anavyomtazama daktari wa mifugo.

"Lakini hapa," alisema taratibu, "ndipo penye mandhari bora kuliko chumba chochote katika hoteli hii."

"Ndiyo, bwana," alisema Idalina, akifurahi kwamba amelijua. "Nimepaona."

Jumatatu mafundi walikuja. Jumanne walitoa mashine, wakaweka sakafu ya mbao ya msonobari. Jumatano vililetwa viti vyenye ngozi za kondoo, meza ya mvinyo, na pazia zito la kijani la kufunguliwa kwa kamba ya dhahabu. Kachumba nyuma ya mashine, alikolala Idalina, kaligeuzwa kuwa choo cha wageni, kalitosha vizuri.

Idalina alihamishiwa handakini. Kila jengo la maana katika nchi ile lina handaki lake chini ya ardhi, lenye mlango wa zege na chuma wa kuzuia bomu. Na kwa kuwa bomu limechelewa sana, watu huhifadhi humo mvinyo, viazi na mbao za kuteleza kwenye theluji. Viazi vilisogezwa, mashine zikaingia, kitanda kikaingia. Dirisha halikuwepo, kwa sababu ndiyo maana ya handaki.

"Ni kwa muda tu, Idalina," alisema Bwana Ambros.

Neno hilo Idalina alilijua. Aliambiwa hivyo hivyo alipoonyeshwa kale kachumba nyuma ya mashine, Septemba ya kwanza.

"Sawa, bwana. Na umeme?"

"Umeme upo."

Mzee Alois, aliyemsaidia kubeba meza ya pasi, alirudi chumbani. Roswitha alikuwa akijipimia nguo ya Ijumaa mbele ya kioo, ile ya rangi ya zambarau.

"Umefurahi sasa?" Alois alimwuliza.

"Mimi niliandika habari za mashuka tu."

"Ndiyo. Na mimi maisha yangu yote niliandika habari za dakika tu, na watu wakakosa treni."

*

Ijumaa saa kumi alasiri, sebule mpya ilijaa. Mwenyekiti wa kijiji alifika na hati ndani ya fremu. Wapiga tarumbeta watatu wa kijiji walipanga mstari mbele ya choo. Mpigapicha alisimamisha miguu mitatu ya kamera yake, akamweka Roswitha kwenye kiti cha ngozi ya kondoo, mgongo kwenye pazia, kidevu juu.

"Mama huyu," alisema mwenyekiti, "ametuchagua mara ishirini na tano. Hakuna katika chumba hiki mtu mwaminifu kwa Lauwihorn kuliko yeye."

Kwa chumba hicho ilikuwa kweli. Walipiga makofi. Bwana Ambros akavuta kamba ya dhahabu, na pazia likafunguka.

Nje kulikuwa na ukuta wa zege. Ulikuwa umerudi mahali pake. Kwa pembeni yalionekana mapipa ya taka, la karatasi na la chupa.

Wapiga tarumbeta walishusha tarumbeta zao. Mpigapicha alichungulia kwenye kamera.

"Mwanga ni mzuri hata hivyo," alisema.

Roswitha hakugeuka. Alikuwa ameona uso wa mumewe, na uso ule ulimtosha. Kisha akasikia miguuni mwake baridi ikipenya katikati ya mbao mpya, baridi nzuri, yenye harufu ya msonobari na jiwe. Mvinyo mweupe ulitikisika kwenye glasi. Chini ya sakafu, mbali, kengele za ng'ombe zililia.

Alisimama, akaweka glasi, akashuka ngazi. Wengine walimfuata mmoja mmoja, mwenyekiti na fremu yake, mpigapicha na miguu yake mitatu, tarumbeta zikigonga ukuta wa ngazi. Mlango wa handaki ulikuwa wazi upana wa mkono. Aliusukuma.

Mlima ulikuwa umeingia wote. Barafu yake ilikuwepo, na msitu wa chini, na njia ya mbuzi, na mto mwembamba unaotoka ubavuni, na bado ilibaki nafasi ya meza ya pasi, mashine tatu na kitanda kimoja. Kilele tu ndicho kilichoinama kidogo kwa ajili ya dari. Humo ndani kulikuwa na jua la asubuhi. Idalina alikuwa anapiga pasi.

"Karibu, bibi," alisema. Alifuta kigoda kwa kiganja. "Kaa hapa. Ukiwa hapa ndipo mlima unaonekana vizuri."

Roswitha alikaa. Akautazama. Ulikuwa karibu kiasi kwamba aliona nyufa za barafu zilivyo za buluu ndani, kitu ambacho kutoka roshani hakuwahi kukiona, na moyo wake ukafanya kile ulichofanya mwaka wa kwanza, alipofungua mlango wa lile gari jekundu akasahau kuufunga.

"Kwangu haujawahi kuja karibu hivi," alisema.

"Pengine mlima unaona haya," alisema Idalina. "Nyinyi mnautazama sana."

Juu ya meza ya pasi ulikuwa mfuko wa R. EGLI. Chini ya jina, kwa uzi ule ule wa buluu, sindano bado imening'inia, palikuwa na namba 25.

"Nilikuwa nakumalizia ya leo," Idalina alisema. "Nyuma kuna doa halitoki. Ni la divai, mwaka ule ulipoanguka ngazi. Yote yako nayajua, Bi Egli. Nikishika leso tu, najua mwaka."

Roswitha aligeuza mfuko mkononi. Tarizi ilikuwa safi, hata kwa nyuma, ambako hakuna anayeangalia.

"Na wako," aliuliza, "wa ishirini na sita, nani amekutarizia?"

"Wangu wa nini, bibi? Mimi nakula jikoni."

Hapo palikuwa na nafasi. Mzee Alois aliiona. Alikuwa amesimama mlangoni, akaishika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu anayengoja treni aliyoipanga mwenyewe. Roswitha alifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Vizuri kabisa!" alisema mpigapicha, akitua kamera. "Hapo hapo, mama. Mlima wote umeingia. Kidevu juu."

"Idalina," alisema Bwana Ambros, kwa upole, kama alivyosema kila kitu, "sogea kidogo. Uko kwenye picha."

Kila mtu alimtazama Idalina. Roswitha naye alimtazama, pasi mkononi, viwiko vyekundu, jua la mlima shavuni, na lile bano chini ya titi likarudi. Alifunga mdomo. Akainua kidevu.

Idalina alisogea hatua mbili kushoto.

Mlima ulisogea hatua mbili kushoto.

Kamera ikalia.

*

Picha ilitundikwa ukumbini, karibu na ngazi, pembeni ya yule mama wa Basel. Inamwonyesha Bi Roswitha Egli katika nguo ya zambarau, ameketi kwenye kigoda mbele ya ukuta wa handaki, na bomba la maji limepita juu ya kichwa chake. Kwenye ukingo wa kushoto kabisa kuna kiwiko, na nyuma ya kiwiko ukanda mwembamba wa theluji.

Septemba iliyofuata, ya ishirini na sita, alisimama mbele ya picha hiyo kwa muda, kisha akaomba kiwiko kikatwe. Bwana Ambros aliona ni ombi la haki. Fundi wa fremu alikata upande wa kushoto kwa wembe na rula, kiwiko kikatoka, na theluji ikatoka nacho.

Idalina wakati huo alikuwa amehamishiwa gereji, kwa muda tu, kwa sababu handaki lilikuwa limefanywa chumba cha kulia cha wageni wa heshima. Kibao cha manjano kilishabadilishwa: "Kileleni: dakika 3, kupitia gereji". Alikiokota kile kipande cha picha kwenye taka za karatasi, akakibandika ukutani juu ya meza ya pasi. Ni chembamba kama rula. Mwezi wa sita theluji yake huyeyuka ikalowesha ukuta, na mwezi wa kumi huanguka upya.

Mzee Alois ndiye aliyemsimulia mkewe habari ya kipande hicho, wakiwa mezani, asubuhi ya siku yao ya mwisho. Roswitha alisikiliza mpaka mwisho. Alikunja leso yake mara mbili, akairudisha kwenye mfuko, akaunyoosha mfuko sambamba na ukingo wa meza. Kisha akamwita Bwana Ambros, akamuuliza kama kile kipande si sehemu ya picha yake.

Bwana Ambros alisema atalifuatilia.